Kisiki cha Mstari wa Sitini na Moja

Hakuwa na cheti. Hakuwa na viatu vya kuingilia shambani. Alivaa vya mumewe, vilivyomzidi vidole viwili, akavijaza matambara mbele. Hakuwa na saa wala miwani, ingawa macho yake yalikuwa yameanza kudai miwani. Hakuwa na koti jeupe, hakuwa na kiti katika chumba cha chai, na katika orodha ya wafanyakazi wa kituo cha utafiti wa mazao hakuwa hata na mstari wake. Alikuwa mmoja ndani ya maneno "vibarua kumi na wanane". Siku ya malipo, kwenye kibanda cha mlinzi getini, msimamizi hakumuuliza kama anajua kuandika. Alimsogezea tu kisahani cha wino, naye akabonyeza dole gumba kama wenzake, akajifutia kwenye gauni.

Alichokuwa nacho ni ulimi.

Kituo kile kilikuwa kikitafuta majani na nafaka za kuendeshea magari. Shamba la juu lilikuwa la majani marefu kumzidi mtu, na shamba la chini, kando ya uzio wa waya, lilikuwa la mtama wa bua tamu. Bua lilikamuliwa kama muwa, maji yake yakachachushwa, yakachemshwa, na mvuke wake ukakusanywa ukawa spiriti ya kuchanganya na petroli. Kuipata spiriti halikuwa jambo gumu. Jambo gumu, lililowatesa wataalamu kwa miaka kumi, ni kwamba mtama uliokuwa na bua tamu ulikuwa na suke dogo la kusikitisha, na uliokuwa na suke la kujaza debe, bua lake liligeuka sifongo punje zilipokauka. Wakulima walikwisha kusema wazi kwamba hawatapanda kitu cha kushibisha magari na kuwaacha wao na njaa. Walitaka nafaka juu na spiriti chini, katika shina moja.

Kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kufunika masuke. Kila suke kabla halijachanua alilivika mfuko wa karatasi na kuufunga kwa uzi shingoni, ili upepo usilete vumbi la maua ya jirani na kuharibu ukoo. Kwa siku alifunika masuke mia nne. Njaa ikimshika hutafuna kipande cha bua lililokatwa, na kutokana na kutafuna huko kwa miaka tisa alikuwa amejifunza kitu ambacho hakuna aliyemfundisha.

Siku moja mtaalamu wa mbegu alipokuwa akipima mabua kumi kwa kile kibomba cha kupimia sukari, ambacho unadondoshea tone la maji na kutazama namba kwa jicho moja, mama huyu alipita nyuma yake akitafuna vipande vya mabua hayo na kusema kwa sauti ya kujizungumzia kwamba bua la tatu limeandikwa vibaya. Mtaalamu alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, mwenye kofia pana na subira pana zaidi. Alimpa mabua yote kumi, akamwambia ayapange. Akayapanga kwa kutafuna, huku akitema makapi pembeni kwa adabu. Tisa yalilingana na kibomba. La tatu likakataa.

"Kibomba kinasema kumi na mbili, mama."

"Mimi nasema kumi na sita. Kipanguse kioo, mwanangu."

Kioo kikapanguswa. Kumi na sita. Dereva wa trekta, aliyekuwa amekaa juu ya gurudumu akiangalia, alicheka mpaka akateremka, na kuanzia siku ile jina la mama huyu likawa Mama Kipimo.

Mstari wa sitini na moja ulitupwa. Hilo ndilo neno la kituoni: mtaalamu huchukua mabua matano kutoka katikati ya mstari, huyapima, na wastani ukiwa mdogo huandika herufi moja kwenye daftari, na mstari mzima umekufa. Mabua huenda kwa ng'ombe, masuke huchomwa moto. Haikuwa dharau, ni hesabu. Mistari ilikuwa mia tatu na mtaalamu alikuwa mmoja.

Lakini Mama Kipimo alikuwa amelifunika kila suke la mstari ule kwa mkono wake, na shina la mwisho upande wa uzio alikuwa amelitilia maanani mapema. Suke lake lilikuwa zito kiasi kwamba mfuko wa kawaida ulipasuka, akalivika miwili. Wiki ya kuvuna, punje zilikuwa zimekauka mpaka ukucha hauingii, na kwa wakati ule bua lilipaswa kuwa kapi. Akalikata vidole viwili juu ya ardhi, akatafuna kipande cha chini. Akasimama. Akatafuna kingine.

Alikwenda ofisini mara mbili. Mara ya kwanza mtaalamu alikuwa amekwenda makao makuu. Mara ya pili msimamizi, aliyekuwa na tabia ya kuongea na vibarua huku akitazama funguo zake, alimwambia kwamba mstari wa sitini na moja ni wa ng'ombe na kwamba kama ana hamu ya kuonja aje na sukari yake kutoka nyumbani. Jioni ile masuke yaliporundikwa kwa ajili ya kuchomwa, yeye alitoka getini na suke moja ndani ya kitambaa cha kichwa. Kanuni ilibandikwa pale pale getini kwa herufi nyekundu: mbegu haitoki. Alikuwa ameisoma mwenyewe, silabi kwa silabi, kwa kuwa mwaka wa pili sasa alikuwa akihudhuria darasa la jioni la watu wazima, akikaa kwenye dawati la watoto na magoti yamemfika kidevuni.

Siku tatu baadaye msimu ukaisha, na vibarua kumi na wanane wakaambiwa waende nyumbani mpaka mvua nyingine.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili na jiko la nje lenye paa la bati. Walikaa watatu: yeye, mumewe aliyekuwa fundi wa kuchomelea mageti, na mama mkwe wake, mzee mwenye mgongo ulionyooka kama rula na maneno yaliyonyooka zaidi. Suke lilitundikwa kwenye msumari juu ya meko, mahali ambapo moshi huwazuia wadudu. Mama Kipimo alimwambia mumewe ni mbegu. Mama mkwe hakumwambia, si kwa ubaya, ila kwa sababu wakati ule walikuwa na wiki nzima hawasemezani kwa sababu ya ugomvi mdogo juu ya ndoo ya maji.

Jumamosi moja asubuhi, wiki ya tatu tangu msimu ufungwe, alirudi kutoka kufua akakuta mumewe amemaliza bakuli la uji na anakwangua. Akakuta bakuli lake limefunikwa kwa sahani, maana mama mkwe alikuwa ameamua suala la ndoo liishe kwa heshima. Akakaa. Akanywa funda moja. Kabla halijashuka alikuwa ameinua macho kuutazama ule msumari juu ya meko, nao ulikuwa mtupu.

"Mama, ulichukua wapi mtama huu?"

"Pale ulipouweka."

Mama Kipimo aliinuka akaenda kwenye jiwe la kusagia, akalipapasa, akatikisa ungo, akapiga magoti akapekua vumbi kwa kidole. Punje zilikuwa zimesagwa na mtu anayejua kusaga. Hakupata hata moja.

Mumewe ndiye aliyemweleza mama yake, kwa sauti ya chini, kwamba ile ilikuwa mbegu, na kwamba katika dunia nzima hapakuwa na nyingine. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Unatundika chakula juu ya moto, halafu mnaniambia si chakula. Kilikuwa nini basi, pazia?"

Hakuna aliyecheka. Mzee akaona uso wa mkwewe, ambao haukuwa na hasira, na hilo likamtisha kuliko hasira. Akakaa chini polepole kwenye kigoda. Akasema kwamba angalau ulikuwa uji mzuri. Alisema hivyo kama mtu anayeomba radhi kwa lugha pekee aliyo nayo.

Mama Kipimo alikuwa bado na ladha ya lile funda kinywani. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Punje zilikuwa watoto wake. Kisiki ni yeye mwenyewe."

Watu wa mtama wanajua jambo hili, ingawa wengi hawalijali. Shina likikatwa chini ya magoti halifi. Likipata unyevu huchipua tena kutoka kwenye vifundo vya chini, na kinachochipua si mwana wala mjukuu, ni shina lile lile limeamka. Na yeye alikuwa ameacha vidole viwili. Aliacha kwa mazoea tu, lakini aliacha. Na tangu siku ile mvua za kubahatisha zilikuwa zimenyesha mara tatu.

Alifuata uzio kwa nje mpaka kona ya shamba la chini. Mistari ilikuwa visiki vitupu, vingi vimekauka kabisa. Akahesabu kutoka kwenye nguzo, hatua kwa hatua, mpaka sitini na moja, akashika waya kwa mikono miwili. Mita moja na nusu ndani, kisiki cha mwisho kilikuwa na machipukizi matatu ya kijani, marefu kama kiganja.

Dereva wa trekta alikuwa upande wa pili akifunga majembe ya sahani nyuma ya trekta. Alimwita kwa furaha, akamuuliza amekuja kuonja waya. Ndipo akamwambia habari: shamba la chini linalimwa na kugeuzwa lote Jumatatu asubuhi saa moja. Alipomwomba aiache kona ile, alikuna kichwa. Angeweza kuipita, alisema, lakini msimamizi huja kukagua nyuma ya trekta, na yeye ana watoto. Karatasi ya mtaalamu tu ndiyo ingemkinga.

Geti la kituo lilikuwa zuri, la vyuma vilivyosokotwa. Lilitengenezwa na mumewe. Msimamizi alikuja akasimama upande wa ndani, yeye akiwa upande wa nje, akamsikiliza kwa muda wa kutosha kuzungusha funguo kidoleni mara tano au sita.

"Mama, msimu umefungwa. Wewe leo si kibarua, ni mpita njia. Nisimamishe trekta kwa neno la mpita njia?"

"Mpigie simu mtaalamu, nizungumze naye nusu dakika."

"Maneno hayapandi kule juu. Kinachopanda ni karatasi." Akatabasamu kidogo. "Gari la sampuli linakwenda makao makuu leo saa kumi na moja. Mwandikie barua."

Mlinzi aliyekuwa kwenye kibanda akaangalia pembeni. Wote watatu walikuwa wamekiona kisahani cha wino kila siku ya malipo kwa miaka tisa.

"Saa kumi na moja," alisema Mama Kipimo. "Ahsante."

Saa saba mchana meza ilikuwa imefutwa na karatasi tatu zimechanwa kutoka katikati ya daftari la darasa la jioni. Mumewe alikuwa amefunga karakana, akakaa mkabala naye, na hapo ndipo mabishano yalipoanza.

Hakuwa mtu mbaya. Alitaka barua iandikwe, lakini alitaka iandikwe kwa akili. Kwa nini aseme alichukua suke? Aseme ameona machipukizi, basi, watu wa elimu watajua la kufanya. Akisema ametoa mbegu getini, msimu ujao hataitwa, na pengine hata ile kazi ya uzio mpya ambayo yeye fundi alikuwa ameahidiwa itaota mbawa. Hiyo mbegu yenyewe imekwisha kuliwa. Nani atajua?

"Mtaalamu atakuta shina hili halimo kwenye daftari," alisema mkewe. "Ataniuliza nilijuaje kwamba punje zilikauka na bua likabaki tamu. Nitamwambia nini, niliota?"

"Utasema uliona."

"Kwa macho haya?"

Fundi akasema kwamba anachoogopa si kazi ya uzio, anaogopa mkewe asimamishwe mbele ya watu na kuitwa mwizi. Mkewe akamwangalia, maana hayo hakuyatarajia. Akamwambia kwamba hii ni barua ya kwanza anayoiandika katika maisha yake bila mwalimu kumsimamia, na kwamba hataianza kwa kuficha.

Iliandikwa kwa saa mbili na nusu. Herufi zilikuwa kubwa, zimesimama wima kila moja peke yake, kama zilivyofundishwa. Karatasi ya kwanza iliharibika kwa jasho, ya pili kwa neno "machipukizi", ambalo lilikataa kuisha. Mwalimu wa jioni alikuwa amewaambia kwamba barua ya ofisi lazima iwe na kichwa cha habari, kwa hiyo ilikuwa nacho, kimepigiwa mstari kwa rula ya fundi:

KUHUSU: KISIKI KISILIMWE

Mtaalamu, mimi ni yule mama wa mifuko. Katika mstari wa 61 ulioutupa, shina la mwisho upande wa uzio si kama wenzake. Wewe ulipima katikati, huko uko sawa, ni wa ng'ombe. Hili la mwisho suke lake lilipasua mfuko, nikalivika miwili. Punje zilipokuwa ngumu kabisa nilitafuna bua. Kwa ulimi wangu ni kumi na nane. Nililifunika kabla ya kuchanua kwa hiyo halikuchanganyika na mtu. Nilikuja ofisini mara mbili, ulikuwa safarini.

Suke nililitoa getini. Kanuni niliisoma. Sikutumwa na mtu. Nilitaka lisichomwe. Sasa halipo, limeliwa nyumbani kwangu kwa kutojua, na kosa ni langu kwa kutosema.

Kisiki ni kizima. Kina machipukizi matatu. Trekta linakuja Jumatatu saa moja asubuhi.

Hapo alipumzisha mkono. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kizingitini muda wote akichambua mboga ambazo zilikwisha kuchambuliwa, akauliza kama barua imefika kwenye habari zake.

"Nimesema limeliwa, mama. Sikukutaja."

"Nitaje." Mzee akaingia, akavuta kigoda mpaka mezani. "Nimesaga mtama miaka hamsini, mwekundu na mweupe. Hao wasomi wako wamepima bua, wamepima majani, wamepima mpaka kinyesi cha ng'ombe. Je, kuna aliyeonja punje?"

Mama Kipimo akatulia na kalamu hewani. Akajaribu kukumbuka. Katika miaka tisa alikuwa ameona mizani, kibomba, tanuri la kukaushia na mashine ya kukamulia. Sufuria hakuwahi kuiona.

"Hakuna," alisema.

"Basi andika. Punje zake hazina uchungu. Ganda ni jepesi, haliumizi jiwe. Unga haukwami kooni, na uji wake hautaki sukari. Andika kwamba amesema mzee aliyeusaga, na kwamba kama wanabisha waje waniulize, ila wasije mikono mitupu."

Fundi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mkewe aliandika yote isipokuwa lile la mikono mitupu, kisha akafikiri, akaliandika na lile. Wakulima walikuwa wameuliza swali moja kwa miaka kumi, kama mtama wa kuendesha magari unaweza pia kuliwa na watu. Jibu la kwanza liliandikwa pale, kwenye meza yenye mguu uliofungwa waya, kutoka kinywani mwa mwanamke aliyemaliza mbegu yote kwa bahati mbaya.

Chini kabisa akaweka majina yake matatu na sahihi. Sahihi hiyo alikuwa ameifanyia mazoezi nyuma ya daftari kwa mwaka mzima bila kupata mahali pa kuitumia.

Bahasha ilikuwa ya zamani, iliyoletwa na ankara ya vyuma, na gundi yake ilikuwa imekwisha kazi. Fundi alitafuta utepe karakana, hakuna. Saa ilikuwa kumi na nusu. Mama mkwe akainuka, akaenda jikoni, akarudi na sufuria ya asubuhi. Chini yake ulikuwa umebaki uji uliokaza kama lami, kiasi cha kijiko. Akaisogeza mezani mbele ya mkwewe.

"Huu unashika," alisema.

Mama Kipimo akatia dole gumba kwenye sufuria, akaupaka uji ukingoni mwa bahasha taratibu, kutoka pembe hadi pembe, akakunja mfuniko na kuukandamiza. Wote watatu wakasubiri ukauke. Ulishika.

Gari la sampuli lilikuwa linanguruma pale getini. Mlinzi alipokea bahasha, akaigeuza, akasoma jina la mtaalamu lililoandikwa juu yake kwa herufi za wima. Kisha akatoa daftari la barua, maana kila kinachokwenda makao makuu lazima kiandikwe humo pamoja na saa na aliyekileta, na kilichoandikwa humo hakuna anayeweza kukizuia kisiende. Kwa mazoea, mkono wake mwingine ukasogeza kile kisahani cha wino.

"Nipe kalamu, kaka," alisema Mama Kipimo.

Mlinzi akamtazama. Akakifunga kisahani, akakirudisha kwenye droo, akampa kalamu yake mwenyewe ya mfukoni. Msimamizi alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi na funguo zake, na safari hii zilikuwa zimetulia. Mwanamke aliandika majina matatu, saa, tarehe, akapiga sahihi. Hakuharakisha. Nyuma yake dereva wa gari la sampuli alipiga honi, kisha akaona anachofanya, akazima injini, akangoja.

Bahasha ikaingia kwenye mfuko wa turubai, mfuko ukafungwa, mlango wa gari ukabamizwa. Mlinzi akalifungua lile geti la vyuma vilivyosokotwa, upande mmoja na mwingine, gari likatoka na kushika njia ya makao makuu.

Mama Kipimo alisimama mpaka vumbi likatua. Kisha akainua dole gumba lake kulitazama, kama alivyozoea kila alipotoka pale. Lilikuwa na uji uliokauka. Wino haukuwapo.